Kasi si kitu, mdogo wangu

Umeuliza kama ujifue kasi kwanza, kwa kuwa umezoea kupiga dramu kanisani na sasa bendi ya dansi imekuita. Kasi iweke kando. Msikilize Tony Allen, mpiga dramu wa Lagos. Alianza na highlife, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, akawasikiliza sana Max Roach na Art Blakey, wapiga dramu wa jazi ya Marekani, halafu miaka ya 1960 na 1970 akiwa na mwanamuziki Fela Kuti wakajenga mtindo wa afrobiti. Uzeeni akapiga na wanamuziki wa roki Uingereza, na mkono wake ukabaki uleule: mwepesi, hauna papara. Mguu unasema hiki, mkono wa kushoto unajibu kingine, na bado mpiga gitaa ana nafasi ya kupumua.

Kila mtindo una mahali uzito unapokaa. Kwenye rege nyingi za zamani kati ya mapigo manne, la kwanza linaachwa tupu, dramu ya mguu inaangukia la tatu. Jazi hutembea juu ya toazi, mguu ukigusa tu. Ukipeleka mguu wa rege kwenye jazi, bendi nzima itakugeukia. (Mimi niligeukiwa, tena harusini.)

Wiki hii chukua mdundo mmoja rahisi, upige dakika kumi bila pambo, sauti ya chini kiasi cha kumsikia mtu akiongea kando yako. Jirekodi kwa simu. Mazoezini kaa karibu na mpiga besi. Mdundo wako ukishikana na wake, mengine utaelekezwa na wenyeji wa bendi.