Barua kwa mwanangu anayekwenda Houston

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila baba yako ameanza tena kikohozi chake cha kila kipupwe na dawa hataki.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unaniuliza, "Mama, visa nimepata na ubalozi wa Marekani haukuniuliza habari ya bima. Sasa dola 70 nilipe za nini, kwa wiki tatu tu za kumtazama dada na mtoto wake?"

Nilicheka. Ulipokwenda Ujerumani hukuuliza. Ubalozi ulitaka bima isiyopungua yuro 30,000, ya matibabu ya dharura na ya kumrudisha mgonjwa au maiti kwao, nawe ukaikata siku hiyo hiyo bila kusoma hata ukurasa mmoja. Wale walikuwa wanajikinga, wasije wakaachiwa ankara isiyo na mwenyewe. Nasi tunafanya hivyo: tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje akiingia Zanzibar analipia bima dola 44. Marekani mgeni wa matembezi haulizwi, na huko ndiko matibabu ghali kuliko kote. Mzigo umeachiwa wewe.

Najua utaniambia hospitali za kule hazimfukuzi mtu. Kweli. Wana sheria ya mwaka 1986 inayozibana hospitali zenye kitengo cha dharura, karibu zote, zimpime mgonjwa na kumtuliza hali yake hata kama hana senti. Lakini sheria hiyo haifuti deni. Muulize mjomba wako. Alikwenda kuwaona wanawe, siku ya tisa kifua kikambana, akabebwa na gari la wagonjwa, akalala siku nne. Walimtibu vizuri mno, nami niliyezeeka wodini nasema hivyo bila choyo. Karatasi zikaanza kuja akiwa ameshapona: gari la wagonjwa ankara yake, hospitali yake, daktari wa moyo yake, hata msomaji wa picha ambaye mjomba hakuwahi kumwona sura. Binamu yako aliomba apunguziwe, akapunguziwa, na hadi leo analipa kila mwezi. Hakuna siku mjomba anampigia simu akasahau kuomba radhi. Mtu mzima kumwomba radhi mwanawe kwa kuugua! Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

La maiti sitaki kulirefusha, usije ukasema mama ananitabiria. Lakini unayakumbuka yale makundi ya michango ya WhatsApp, orodha inapanda kidogo kidogo, huku ndugu wanagombana kama azikwe huko huko au aletwe. Marehemu anasubiri kwenye jokofu. Bima nzuri ina kipengele hicho, na wanaofiwa wanabaki na kazi ya kulia tu.

Sasa, usikate yoyote tu kwa sababu ni rahisi. Hiyo ya dola 70, tazama kikomo chake. Yuro 30,000 zinaridhisha ubalozi wa Ulaya, ila kwa kulazwa Marekani zinaweza kuisha upesi. Tafuta yenye kikomo cha laki moja ya dola au zaidi, hata ukiongeza kidogo. Angalia pia kiasi cha mwanzo wanachotaka ulipe mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa.

Na pumu yako uiandike! Nakujua, utaona swali la magonjwa uliyonayo uweke "hapana" ili mambo yaishe. Ukibanwa kule, kampuni itaomba mafaili yako, ikikuta pumu ya tangu utotoni itakataa madai, na itakuwa na haki. Nyingine hazilipii kabisa ugonjwa wa zamani. Basi muulize wakala waziwazi, akujibu kwa maandishi. Kadi yako ya NHIF, bima ya afya ya hapa kwetu, iache nyumbani, huko haina kazi.

Ikate kabla hujaondoka. Namba yao ya dharura mpe dada yako, maana anayeishiwa pumzi hapigi simu. Kampuni nyingi zinataka zijulishwe mapema mtu akilazwa. Ukienda zahanati kwa jambo dogo, huenda ukalipa kwanza ndipo urudishiwe, kwa hiyo stakabadhi usizitupe.

Kama dola 70 zimekushinda baada ya tiketi, sema, nitachomoa kwenye kibubu. Usinione mzee.

Dada yako mwambie kanga zake na unga wa muhogo nimevitenga, utavipitia Alhamisi. Inhela iweke kwenye mkoba wa mkononi, zote mbili, usiziweke kwenye begi kubwa.

Mama yako