Kabla hujafungua mfumo wa ofisi kwenye kishikwambi

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, huku kwetu Tandahimba. Tuliletewa mfumo wa kuingiza taarifa za wakulima: jina, namba, kilo, daraja, magunia. Unafunguka kwenye kivinjari, ila aliyeutengeneza alikuwa na kompyuta ya mezani kichwani, maana jedwali lake ni pana kupita kiasi. Mimi nilikuwa na kishikwambi cha RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2.

Siku ya tatu nilishaingiza wakulima 38 bila kuhifadhi, kwa sababu kitufe cha kuhifadhi kiko chini kabisa. Nikafungua kikokotoo nijumlishe kilo za mama mmoja. Kurudi, ukurasa unajifungua upya. Jedwali jeupe. Mzee aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake akaniuliza, "Mwanangu, korosho zangu zimo humo?" Nikakosa la kumjibu. Tulirudi kwenye daftari, tukaandika upya mpaka saa nne usiku.

Nilidhani ni mtandao. Kumbe kumbukumbu hiyo ya RAM ikijaa, kishikwambi huuzima ukurasa uliouacha nyuma ili programu iliyo mbele ipate nafasi. Ukirudi, kinauita tena kutoka kwenye seva, na ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Kwa hiyo hifadhi kila mkulima akitoka kwenye mizani, hata kama foleni inanung'unika. Mahesabu piga kwa simu. Na zima WhatsApp na mengine yote kabla hujaanza.

Jambo lingine ni kidole. Kuna menyu zinazofunguka ukipitisha mshale juu yake tu, na kidole hakina namna ya kupita juu, kinagusa. Sehemu ya kurekebisha kilo nilikaa wiki mbili sijaiona! Nilinunua mausi ya waya na kiunganishi cha OTG, kile kinachokubali USB ya kawaida kwenye tundu la chaji, nikachomeka, mshale ukatokea papo hapo. Wenye iPad nao walipata mshale wa kweli kwenye iPadOS 13.4, Machi 2020. Kabla ya kutafuta hela ya kifaa kipya, jaribu hiki kidogo.

Kilaze kishikwambi kwa upana ili safu nyingi za jedwali zionekane, ila kibodi ikitokea itameza karibu nusu yake, basi ifunge ukimaliza kuandika. Na mfumo wa zamani ukikudai Flash, programu-jalizi ya zamani ya kivinjari, usiunguze bando kuitafuta: Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na kwenye iPad haikuwahi kufanya kazi.

Oktoba, msimu wa korosho unapoanza, haiko mbali. Makarani wenzangu wa Newala, Masasi na Ruangwa, chukueni kifaa chenyewe mpaka penye mizani, ingizeni mkulima mmoja wa majaribio, mfungue programu nyingine mbili tatu, kisha mrudi kuangalia kama bado yupo. Nanyi mnaotengeneza mifumo hii, nawaomba sana: kila mstari ujihifadhi wenyewe. Yule mzee alisubiri mpaka jina lake liliposomwa, ndipo akaondoka.