Sentensi ya maneno 6 ikapata hasi 53

Nilipewa kazi ya kuandika kipeperushi cha watoto wanaoharisha, na mimi nikajifanya mtaalamu, nikachukua sentensi yangu "Mtoto anapoharisha, mnyonyeshe mara kwa mara" nikaipiga kwenye fomula ya Flesch, ile ya mwaka 1948 inayopima ugumu wa maandishi kwa kuhesabu urefu wa sentensi na silabi kwa kila neno. Ukikaribia 100 ni rahisi, ukikaribia 0 umeandikia wasomi. Mimi nikapata hasi 53. Aisee nilicheka peke yangu.

Ile hesabu ilipigwa kwa ajili ya Kiingereza, kule neno refu mara nyingi ndio neno la kisomi. Sasa "anapoharisha" ina silabi 6 na bibi yangu ambaye hajasoma anaitamka kila siku, maana sisi "nani" na "lini" vyote tunavibana humohumo kwenye kitenzi. Kwahiyo programu ikikupa alama za Kiswahili chako, achana nayo.

Kilichonisaidia ni njia ya mtafiti Wilson Taylor ya 1953: unafuta kila neno la tano, unaacha pengo, unampa msomaji ajaze. Anapokwama ndipo pa kurekebisha. Nikaenda nayo kliniki kwa kina mama waliokuwa kwenye foleni, wasiosoma vizuri nikawasomea mwenyewe, nikifika kwenye pengo nanyamaza, wao wanamalizia (wengine wakaona ni mchezo, foleni ikachangamka kweli). Sasa kulikuwa na mstari wangu niliokuwa naupenda kweli, wa kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini: "utayarishaji wa mchanganyiko huo ufanyike kwa kuzingatia uwiano sahihi". Hakuna hata mmoja aliyeujaza. Yaani hamna mtu anayefanya kitu pale, ni u-, wa, u-, wa, kama barua ya ofisini. Ukikuta msururu wa hivyo kwako, tafuta nani anafanya nini halafu mwambie moja kwa moja. Nikaandika "Chukua lita 1 ya maji safi ya kunywa, mimina paketi nzima ya ORS, koroga". Wakajaza fasta.

Nikajua nimemaliza, mama mmoja akaniuliza taratibu, "samahani dada, lita 1 ndio chupa ipi?"

Hapo hata mapengo yasingenisaidia. Sasa hivi kipeperushi kinasema chupa 2 za maji za nusu lita, na picha yake pembeni.