Mgeni wa Sabato ya tatu

Sabato yangu ya kwanza katika sinagogi ninalosali mpaka leo, nilipewa mkono na watu kumi na wawili. Niliwahesabu. "Shabbat shalom," kila mmoja, na tabasamu pana. Sabato ya pili walikuwa wanne. Ya tatu nilikuwa nimeshajichagulia kiti cha pembeni, karibu na dirisha, mzee mmoja akaja akasimama mbele yangu na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba pale ni mahali pake. Nikahamia nyuma. Ya nne sikwenda.

Jumamosi hiyo usiku, nyota zimeshatoka na Sabato imekwisha, simu yangu ikaita. Alikuwa mama mmoja tuliyewahi kukaa naye meza moja baada ya ibada. "Hatukukuona leo, mwanangu. U mzima?" Basi. Hakunihubiria, wala hakuniuliza nitarudi lini. Wiki iliyofuata nikarudi.

Sasa nina miaka kadhaa kwenye kamati yetu ya wageni, na kila tunapobishana kuhusu mabango na vipeperushi namkumbuka yule mama. Mzee wa kiti naye alikuwa na hoja: Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu iitwayo Berakhot, karatasi ya 6, inamsifu mtu mwenye mahali maalumu pa kusalia. Ila upande uleule wa karatasi hiyo imeandikwa kwamba mtu aliyezoea kuja sinagogi akikosa siku moja, Mungu mwenyewe humuulizia. Tumelishika sana neno la kiti, la kuuliziana tukaliacha.

Mlango ndio mgumu zaidi siku hizi. Baada ya mauaji ya Pittsburgh ya tarehe 27 Oktoba 2018, watu 11 walipopigwa risasi wakiwa kwenye ibada ya Sabato asubuhi, masinagogi mengi ya Marekani yaliongeza ulinzi. Ya Ulaya mengi yalikuwa nao tangu zamani. Kwa hiyo mgeni hupekuliwa begi kabla hajasikia salamu. Silaumu. Lakini mlinzi asiachwe peke yake: weka kando yake muumini mmoja wa kumweleza mgeni kwa nini anaulizwa maswali, kisha amwingize ndani mwenyewe. Usimchague msemaji sana. Chagua anayekumbuka sura.

Ndani, kosa letu kubwa ni kumkabidhi mtu kitabu cha sala na kumwacha. Kitabu kinafunguliwa kutoka kulia, watu wanasimama na kuketi bila tangazo, na kila mmoja ananong'ona kwa kasi yake. Kaa naye. Mwonyeshe ukurasa kwa kidole, usimpe somo. Na gabai, yule anayeratibu ibada, awe mwangalifu. Sabato asubuhi huitwa watu saba kwenye usomaji wa Torati, na ni desturi nzuri kumheshimu mgeni kwa nafasi hiyo. Lakini kwa asiyesoma Kiebrania, heshima hiyo ni hofu tupu. Muulize faraghani kwanza. Mpe kufungua pazia la sanduku la Torati. Kazi hiyo haina maneno ya kukosea.

Na msimuulize amekuwaje Myahudi. Wapo walioongoka, wapo ambao mzazi mmoja tu ndiye Myahudi, wapo ambao sura zao hazifanani na za wengi mle ndani. Talmudi inakataza kumkumbusha mwongofu alikotoka. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe akishashiba.

Maana baada ya ibada kuna kidushi, divai na chakula, na hapo ndipo mgeni hupotelea. Kila mtu anawakimbilia rafiki zake, yeye amesimama na kikombe anasoma matangazo ukutani. Sisi tulikubaliana kwamba dakika kumi za mwanzo hakuna kuzungumza na rafiki. Mwanzoni tulikuwa kama tunaigiza. Baadaye tukazoea. Siku ya Sabato hatuandiki wala hatushiki simu, hivyo kila mwanakamati huondoka na jina moja kichwani, na usiku ndipo tunayaandika.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaona aibu kutoa jembe. Tunamwendekeza mgeni hadi anachoka kuwa mgeni. Ibada kamili inahitaji watu kumi, na sijaona kitu kinachomfunga mtu kwenye jumuiya kama kuwa wa kumi. Tulikuwa na mfiwa aliyehitaji kusema Kadishi, sala ya wafiwa, kwa ajili ya baba yake, jambo linaloendelea miezi 11, na Jumanne asubuhi tulikuwa tisa. Nikampigia kijana aliyekuja mara mbili tu. Alifika na viatu visivyofungwa kamba. Tangu siku hiyo Jumanne ni yake, na hatukuwahi kumpa hata fomu. Kwa asiyejua sala bado, Sikukuu ya Vibanda inatosha: kibanda kinahitaji nyundo, hakihitaji Kiebrania.

Ada ya uanachama isitajwe siku ya kwanza, na iandikwe wazi kwamba asiyeweza hafungiwi mlango. Kuhusu wanaoonekana Siku ya Upatanisho tu, acheni kejeli ya "leo umetukumbuka." Wengine ndiyo salamu ya mwisho tutakayowapa mwaka mzima. Familia zinazotoweka mara mtoto akishafanya bar mitzva, sherehe ya kuingia utu uzima kidini, bado zinanishinda. Kinachosaidia kidogo ni kumpangia mtoto zamu nyingine ya kusoma kabla sherehe yenyewe haijafika.

Mwaka jana yule mzee wa dirishani hakuja. Usiku nikampigia. Alikuwa na homa, sauti imekauka, akanishukuru, kisha akauliza kama kuna mtu aliyekalia kiti chake. Nikamwambia ndiyo, mgeni. Akakaa kimya kidogo.

"Anaitwa nani?"