Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Umeme ya Kusagia Nyamapori

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mashine za umeme za kusagia nyama, na wengi walioandika wanasaga nyamapori nyumbani. Tumefupisha baadhi.

Habari za kazi. Hapa kwetu tunanunua nyati na swala pala kwenye bucha la nyamapori, na mara moja kwa mwaka baba mdogo hupata mnyama kwa kibali. Dukani nimeonyeshwa mashine mbili. Moja boksi lake limeandikwa wati 2800, nyepesi, bei poa. Nyingine wati 550, nzito kweli, na bei yake ni mara tatu. Muuzaji anasema nichukue ya wati nyingi. – Msomaji, Morogoro

Chukua hiyo nzito, lakini kwanza zigeuze zote mbili usome kibandiko cha chini. Zile wati 2800 ni umeme ambao mota huvuta kwa sekunde chache ikiwa imekwama kabisa, yaani ikiwa inakaribia kuungua. Nguvu yake ya kazi mara nyingi ni kati ya wati 300 na 500, nayo huandikwa kwa herufi ndogo. Hapo hapo kwenye kibandiko au kwenye kijitabu utaona muda wa kufanya kazi mfululizo. Nyingi za bei poa zimepewa dakika 5 hadi 10, kisha lazima zipoe. Kwa kilo mbili za kima cha sambusa hakuna neno. Kwa paja la nyati utakesha.

Baada ya hapo uliza namba ya kichwa, yaani ile sehemu ya chuma ambamo nyama hupita na kusagwa. Wati achana nazo kidogo. Namba zinazotumika karibu kila mahali ni 5, 8, 12, 22 na 32, nazo huenda na kipenyo cha ile sahani ya matundu: namba 5 ni milimita 54 hivi, namba 8 ni 62, namba 12 ni 70, namba 22 ni 82, na namba 32 inakaribia 100. Ukienda na rula dukani humhitaji muuzaji. Kipenyo kikubwa maana yake koo ni pana na skrubu inayosukuma nyama ni nene, kwa hiyo kano hupita kabla hazijapata nafasi ya kujisokota.

Anayesaga kilo 5 kwa mara moja, namba 8 inamtosha. Swala pala mzima hutoa kilo ishirini hivi za mnofu mtupu, na hapo sisi tungeanzia namba 12. Kama familia inagawana nyati au pofu, nunueni namba 22 yenye mota ya hosipawa 1, yaani wati 746. Namba 32 nyumbani ni mbwembwe: kuibeba ni shughuli, na nyama inayobaki kooni kila mkimaliza ni hasara tupu.

Kichwa kiwe cha stenlesi kama mfuko unaruhusu. Alumini haina ubaya wa kukukimbiza, ila usiitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo wala kwenye sabuni kali, maana huota unga wa kijivu unaopaka nyama. Hakikisha kuna swichi ya kurudisha nyuma. Kuhusu gia za plastiki, si lazima ziwe ulaghai. Watengenezaji wengine huweka gia moja ya nailoni makusudi, ili mfupa ukiingia ivunjike hiyo na mota ipone. Muulize muuzaji kama anayo gia hiyo ya akiba. Kama hana na hajui pa kuipata, umeshajibiwa.

Mashine yangu ni namba 12, mpya. Siku ya kwanza ilisaga vizuri. Nilipoiosha na kuifunga tena, nyama ya kongoni ikaanza kutoka kama uji wa kijivu, kisha ikaziba kabisa na mota ikanguruma tu. Fundi anasema mota ni dhaifu. – Msomaji, Iringa

Mota yako iache kwanza, tunakishuku kisu. Kile kisu chenye mbawa nne kina upande bapa na upande wenye mgongo. Upande bapa ndio unaokata, na lazima utazame sahani. Wengi hukigeuza siku ya kwanza ya kuosha, na tangu hapo mashine haikati tena, inaponda. Mpangilio ni huu: skrubu ndani, kisu kwenye ncha yake bapa ikitazama nje, sahani juu yake huku pengo lake dogo likikaa kwenye pini ya kichwa, kisha pete ya kufungia. Pete kaza kwa mkono mpaka ishike, usitumie spana. Ikilegea, kisu na sahani huachana na kano huingia katikati. Ikikazwa mno, chuma husaga chuma na utaona weusi kwenye nyama.

Kama kisu kimekaa sawa, tatizo ni maandalizi. Nyama ya kongoni, kama ya wanyama wengi wa mbuga, haina mafuta ila ina kano nyingi na ule utando mweupe unaong'aa juu ya mnofu. Pitisha kisu kirefu chini ya utando, ukiuelekeza ukali juu kidogo, uuvute kwa mkono wa pili. Muundi na shingo vina kano zisizoisha. Ziweke za supu, usiitese mashine.

Halafu baridi. Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, vitandaze kwenye sinia, visirundikane, viingie kwenye friza dakika 40 hadi 60. Ukibonyeza kipande, nje kiwe kigumu na katikati kilegee kidogo. Kikiwa jiwe, kitaumiza gia. Skrubu, kisu na sahani navyo viingie friza. Nyama ikipanda joto kupita nyuzi 4 mafuta hulainika na kupaka matundu, na hapo ndipo uji unapoanza.

Anza na sahani ya matundu ya milimita 8 au 10, kisha rudia na ya 4.5 ukitaka laini. Usianze na ya 3. Tazama mdomo wa mashine: kazi ikienda vizuri, nyuzi hutoka kwenye matundu yote kwa mwendo mmoja, nyekundu na nyeupe zikitofautiana kwa macho. Ukiona katikati pametulia na pembeni panatoka utelezi wa waridi, zima. Rudisha nyuma sekunde mbili tatu. Isipofunguka, chomoa waya ukutani, fungua pete, toa kano zilizojizungusha kwenye kisu, ukusanye upya. Kuendelea kusukuma kwa mti hakusaidii, na kidole ndio kabisa usikipeleke.

Nataka kutengeneza kababu za swala lakini zinakuwa kavu na zinavunjika. Niongeze mafuta gani? Kwetu nguruwe hapana. – Mama wa watoto wanne, Tanga

Kwa kilo 10 weka mnofu kilo 8.5 na mafuta kilo 1.5. Mafuta ya kifua cha ng'ombe ni bora kuliko ya figo, ambayo ni makavu na hubaki punje punje mdomoni. Mkia wa kondoo ni mtamu sana, ila unalainika haraka, kwa hiyo ugandishe hasa kabla ya kusaga. Changanya mafuta na nyama kabla ya kuingiza kwenye mashine, si baadaye kwa mkono. Ukishasaga tia chumvi gramu 15 kwa kila kilo, ukande dakika kadhaa mpaka mchanganyiko unate kwenye kiganja. Kababu inavunjika kwa sababu hukuikanda, wala si kosa la mashine.

Niko Minnesota. Nataka kumpelekea kaka yangu Arusha mashine ya hosipawa 1 ya huku. Transfoma itatosha? – Msomaji, Marekani

Transfoma hushusha volti 230 hadi 120, lakini haigusi hezi, yaani idadi ya mara umeme unavyogeuka kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wa Tanzania ni 50. Mota isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) inayochomekwa moja kwa moja itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na itachemka zaidi ya kawaida. Yenye brashi huvumilia. Na kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza, transfoma isiwe chini ya wati 2000, na hiyo yenyewe ni nzito. Mtumie kaka pesa anunue ya volti 230 huko huko. Ukitaka kumpelekea kitu, mpe sahani na visu vya stenlesi vya namba ya mashine yake.

Tunawinda kulungu huku Wisconsin na kusaga wenyewe. Kuna cha kuangalia zaidi ya mashine? – Msomaji, Marekani

Viko viwili. Cha kwanza ni risasi ya bunduki iliyotengenezwa kwa ledi, madini yenye sumu. Ikigonga mfupa husambaa vipande vidogo visivyoonekana, vingine hufika sentimita 30 kutoka kwenye jeraha, na mashine huvigawa kwenye kila pakiti. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilishauri vituo vya msaada wa chakula visigawe nyama ya kulungu kwa sababu hiyo. Usimsagie mtoto wala mjamzito nyama ya karibu na jeraha, hata ikionekana safi. Risasi za shaba huondoa shida hii.

Cha pili ni CWD, ugonjwa wa kudhoofu unaoshambulia ubongo wa kulungu, ambao Wisconsin umejulikana tangu 2002. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini mamlaka za afya zinashauri mnyama aliyepimwa akakutwa nao asiliwe, na kupika hakuuondoi. Saga kulungu mmoja mmoja, andika namba yake kwenye pakiti, na subiri majibu kabla ya kula. Watafiti wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, walionyesha mwaka 2019 kwamba klorini ya kufulia, sehemu 2 kwa 3 za maji, kwa dakika 5, huua chembe zake juu ya chuma. Haipenyi kwenye mabaki ya nyama, kwa hiyo sugua kwanza. Klorini hiyo hula alumini, na ndiyo sababu nyingine ya kununua stenlesi.

Je, mashine hizi zinafaa kwa nyamapori huku Kenya? – Msomaji, Nakuru

Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977 na nyamapori ni kosa kisheria. Kwa mbuzi na ngamia, yote tuliyomwambia wa Iringa ni yale yale.

Nina wateja wa soseji za ngiri na majirani Waislamu wanaoniletea nyama ya swala niwasagie. Nikiosha kwa maji ya moto inatosha? – Msomaji, Songea

Kwa vijidudu, ndiyo: fungua kila kipande, ondoa mabaki kwa maji vuguvugu na brashi, sabuni, kisha maji ya moto, ukaushe mara moja na kupaka mafuta ya mashine yanayoruhusiwa kwa chakula. Ya alizeti huganda na kunata. Lakini majirani zako hawaulizi vijidudu. Mota nyingi za namba 12 na 22 hupokea vichwa viwili kwa zamu, kwa hiyo nunua cha pili kamili, skrubu, kisu na sahani, kiweke alama na ukitunze mbali. Waambie kabla hawajauliza.

Ngiri naye anaweza kubeba minyoo ya trikina, basi soseji ziive mpaka nyuzi 71 katikati, na usionje mchanganyiko mbichi ili kupima chumvi. Kaanga kijiko kimoja ndipo uonje.