Kukamua Maziwa Kazini Mapumziko Yakiwa Mafupi

Niliporudi kazini mwanangu akiwa na miezi minne, nilikuwa na mapumziko mawili tu kwa siku: dakika 15 asubuhi na nusu saa mchana. Kwa kuwa niliona dakika 15 hazitoshi kitu, niliamua kuvumilia hadi mchana ili nikamue yote kwa mara moja. Ilipofika wiki ya tatu, maziwa niliyokuwa nikiyapata yalikuwa yamepungua karibu nusu, nami nikaanza kuulaumu mwili wangu kumbe lililokosewa lilikuwa ratiba. Wewe unayejiandaa kurudi kazini, jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba idadi ya mara unazokamua ina uzito kuliko urefu wa kila mara.

Sababu yake ni kwamba titi hutengeneza maziwa kwa kufuata yanavyotoka. Likikaa limejaa kwa saa nyingi, utengenezaji hupungua. Likipunguzwa mara kwa mara, hata kama halikumalizika, huendelea. Kwa hiyo dakika 10 mara tatu zilinifaa zaidi kuliko nusu saa moja, na hilo ndilo nililomwomba msimamizi wangu: si muda zaidi, bali mapumziko yaleyale yagawanywe upya. Nilidhani angeona aibu kuzungumzia jambo hilo. Aliyeona aibu ni mimi. Zungumza mapema, ikiwezekana kabla likizo ya uzazi haijaisha, na uulize pia kuhusu chumba kinachofungika, kwa maana choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto. Ukihitaji hoja, Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unampa mama anayenyonyesha haki ya mapumziko ya kila siku au kupunguziwa saa za kazi, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi na hulipwa. Si kila nchi iliyouridhia, basi soma sheria ya kwenu na mkataba wako wa ajira.

Nilipojipima kwa saa, niligundua kwamba kukamua kwenyewe hakukuwa kunachukua muda mwingi. Dakika zilikuwa zikiliwa na kuunganisha vifaa, kuviosha na kusubiri maziwa yashuke. Nikaanza kubeba seti mbili za vifaa vilivyooshwa na kuunganishwa nyumbani, na kuvaa nguo zinazofunguka mbele. Pampu inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja huokoa muda mwingi, lakini hakikisha kikombe chake kinakutosha: chuchu inapaswa kwenda na kurudi bila kusuguana na kuta zake, na maumivu ni dalili kwamba kipimo au nguvu ya kuvuta si sahihi. Maziwa hushushwa na homoni ya oksitosini, ambayo huzuiwa kirahisi na wasiwasi, hivyo kukodolea macho chupa huku ukihesabu mililita hakukusaidii. Mimi nilikuwa naifunika chupa kwa soksi ya mtoto, nayo ikanifaa kwa namna mbili, kwani harufu yake ilinikumbusha aliyekuwa akiyangoja hayo maziwa.

Jifunze pia kukamua kwa mkono. Siku betri ya pampu iliponiishia, ujuzi huo ndio uliookoa siku: dole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu, unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia, bila kuteleza juu ya ngozi.

Kuhusu kuhifadhi, maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa kwa muda usiozidi saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, hadi siku 4 katika jokofu, na hadi saa 24 katika kibebeo chenye vipande vya barafu. Andika tarehe kwenye kila chombo. Yaliyogandishwa yakishayeyuka katika jokofu yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena.

Kuna hofu moja iliyonisumbua bure. Mlezi aliniambia kwamba maziwa niliyoyaacha hayatoshi, nikadhani nimekaukiwa, kumbe alikuwa akimpa mtoto chupa kila alipolia, tena kwa haraka. Katika miezi ya kwanza, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee huhitaji takriban mililita 30 kwa kila saa ambayo haupo, hivyo kwa saa 10 ni kama mililita 300. Mweleze mlezi agawe kiasi hicho katika vipimo vidogo na amlishe polepole, akimpa nafasi ya kupumzika.

Ukihisi uvimbe mgumu, wekundu au homa, mwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo, wala usiache kunyonyesha kwa ghafla. Saa ambazo mko pamoja, yaani alfajiri kabla ya kutoka, jioni, usiku na siku zote usizokwenda kazini, weka pampu kando umnyonyeshe mwenyewe kila anapotaka; mimi maziwa yangu yalirudi hivyo, taratibu, katika muda wa majuma mawili.