Kabla hujalipa kodi ya miezi 6

Dada, umeuliza ukague nini kabla hujalipa kodi ya miezi 6 ya chumba na sebule hapo Mbagala. Anza na Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Uliza kama mita ni yako peke yako au mnachangia, na kama ina deni. Nunua umeme wa elfu mbili uone unapata yuniti ngapi. Mimi niliwahi kurithi deni la mpangaji aliyetangulia. Kila nikinunua, hela inakatwa, na mwenye nyumba akaruka kabisa. Iliniuma sana. Halafu tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye Luku. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema atakurudishiaje.

Maji, waulize majirani, siyo dalali. Tazama pia kuta kwa chini, alama za mafuriko ya masika hazifichiki vizuri hata zikipakwa rangi.

Dalali atadai kodi ya mwezi mmoja, sawa, ila hela ya kodi usimkabidhi yeye. Mlipe mwenye nyumba, na mkataba msainiane mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na tafadhali, badilisha kitasa kabla ya kulala usiku wa kwanza.